Ukingo wa Kona ya Tano

"Frii! Zote mbili zilikuwa frii, nimeziona kwa macho yangu haya mawili."

"Hayo macho yana mtoto wa jicho."

"Afande, unasikia ninavyotukanwa kazini kwangu?"

"Si kazini kwako hapa, hii ni yadi ya watu. Na bado sijakutukana, nikianza utajua. Mdogo wangu hajawahi kushuka kilima kile hab zikiwa frii tangu ashike usukani. Unajua. Ila wewe unatafuta kichwa cha kupeleka kwenye kamati."

"Sitafuti, dada. Kichwa kipo. Kile pale, kimekaa juu ya ndoo."

Kwenye ndoo alikaa kijana mmoja mwembamba, mkono wa kushoto umefungwa plasta, anaangalia chini kama anahesabu kokoto. Madereva wenzake walimwita Kobe kwa sababu ya mwendo wake. Aliyekuwa anamtetea ni dada yake, Spana, fundi mwenye gereji mkabala na geti la njia za porini. Aliyekuwa anarushiana naye maneno ni Msimamizi wa hizo njia, mtu wa miwani, kalamu mbili mfukoni, shati limechomekwa mpaka linalia.

Inspekta hakuwaamua. Kwa miaka ishirini na miwili kwenye dawati la ajali alishajifunza kwamba watu wakigombana wanasema mengi kuliko wakihojiwa. Yeye alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele la gari lililopondeka, anamulika na tochi. Saa nne asubuhi, jua linawaka, yeye anamulika. Ndiyo maana kuanzia askari wake mpaka wezi wa betri walimwita Tochi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Magari ya zamani ya porini yana kitufe katikati ya kila gurudumu la mbele. Hicho ndicho wanachokiita hab. Unashuka, unakigeuza kwa mkono. Ukiweka loki, magurudumu ya mbele yanashikwa na injini, gari linashuka mteremko kama bibi anayeshuka ngazi. Ukiacha frii, mbele kunakuwa bure, na kwenye mteremko mkali gari linaweza kukukimbia. Juzi Jumanne, gari la Kobe lilipinduka kona ya tano na kuingia bondeni. Abiria wake mmoja, mwalimu wa jiografia, alivunjika nyonga. Msimamizi akaangalia hab, akakuta frii, akaandika neno moja: uzembe.

Leo saa tisa kamati ya leseni inakaa. Ripoti ya Tochi ikikubaliana na hilo neno, Kobe hatabeba tena abiria porini maisha yake yote, na faili linakwenda mahakamani.

"Nani alivuta gari hili?" Tochi akauliza bila kuinuka.

"Mimi, mama," akajibu mwenye yadi, mzee wa breki dauni, kijiti cha meno mdomoni. Jina lake la kazi lilikuwa Winchi.

"Lini?"

"Jana asubuhi. Juzi giza lilituwahi."

"Tope lilikuwa limekauka?"

"Kama tofali."

"Njooni wote. Msiguse."

Wakainama, vichwa vinne juu ya gurudumu moja. Tope lilikuwa limeganda juu ya kitufe na kwenye chuma kinachokizunguka, kama uji uliomwagikia jiko. Lakini pale kitufe kinapokutana na chuma, tope lilikuwa limepasuka, mstari mwembamba wa duara. Na ndani ya tope kulikuwa na jani kavu la nyasi. Nusu ya jani iko kwenye kitufe. Nusu iko kwenye chuma, upande mwingine kabisa.

"Jani ni moja," Tochi akasema. "Limekatikaje? Mzee, kigeuze. Taratibu, kama unafungua mtungi wa gesi."

Winchi akageuza. Nusu ya kwanza ikatembea, ikatembea, ikakutana na mwenzake. Jani likawa zima. Mshale wa kitufe ukawa unaelekea loki.

Tochi akaenda gurudumu la pili. Huko hapakuwa na jani, lakini mpasuko ulikuwa uleule.

"Gari lilipopinduka hab zilikuwa loki. Tope likakauka hivyo. Baada ya kukauka, kuna mkono umezigeuza. Wa nani?"

"Wangu," Winchi akasema, kawaida tu, kama ameulizwa nani kala kiporo.

"Mzee!" Spana akaruka.

"Mzee nini? Huwezi kuvuta gari hab zikiwa zimefungwa, utasaga gia zote. Mkono unageuza wenyewe. Wewe ukitoka nyumbani unakumbuka ulivyofunga mlango?"

"Na mbona hukusema?" Msimamizi akauliza.

"Uliniuliza? Ulikuja hapa na kalamu zako ukasema, 'Hab zikoje?' Nikaangalia. Nikakwambia frii. Nimedanganya wapi?"

Spana akapiga makofi, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Msimamizi, andika hiyo. Tumia kalamu zote mbili."

Msimamizi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshazika watu watatu kwenye zile njia, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri.

"Sawa. Hab zilifungwa, nafuta. Lakini gari halipinduki kwa kupenda. Kona ya tano ina upana wa kutosha, ukingo wake una miaka ishirini, hata lori la kokoto limepita. Kama hakukimbia, basi alitoka nje ya njia."

"Sikutoka," Kobe akasema. Ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo. "Ukingo ulikatika. Nilisikia nyuma kushoto kunazama. Kama ngazi imetolewa."

Tochi akazima tochi. "Twende tukaione hiyo ngazi. Wote watatu."

"Na mimi?" Spana akauliza.

"Wewe una mteja tangu saa mbili," Tochi akasema. "Nimempita pale kwako, amevimba."

Getini Msimamizi akasimamisha gari, akashuka, akapunguza upepo tairi zote nne, kila moja kwa kipimo. Tairi laini linakumbatia mawe, lililojaa linaruka kama mpira. Mbele wakakuta dimbwi limekaa katikati ya njia. Pembeni palikuwa na majani makavu, rahisi kuzunguka. Msimamizi akavua viatu, akalipima kwa fimbo mwanzo mpaka mwisho, akarudi, akapita katikati ya maji kwa gia ndogo.

"Ungezunguka tungeshafika," Tochi akamchokoza.

"Nikizunguka leo, kesho wanaonifuata nyuma watazunguka. Mwakani hapa hakuna majani, kuna uwanja wa tope."

"Unapenda sheria wewe."

"Sizipendi. Nimechoka kubeba machela."

Kobe nyuma akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza.

Kona ya tano wakafika saa sita. Njia pale ilipanda kilima kwa kujikunja, kona juu ya kona, kama mkanda uliotupwa kitandani. Tochi akawaambia wasimame kwenye mawe. Akaanza na alama za gari la Kobe. Zilishuka katikati ya njia, nzito, zimenyooka, hazina mburuzo wa breki. Akapima kutoka alama ya kushoto mpaka ulipokuwa ukingo: hatua nzima na kiganja.

"Alikuwa ndani ya njia," akasema. "Na alikuwa anatembea kama konokono. Angalia, kila jino la tairi limeandika kama muhuri."

Msimamizi akapima mwenyewe. Akapima tena. "Ndiyo," akasema.

Kisha Tochi akalala kifudifudi, sare na yote, akachungulia chini ya ukingo. Ulikuwa umeliwa. Juu udongo mgumu unaonekana mzima, chini shimo, mtu angeweza kujificha humo akichuchumaa. Na shimo lilikuwa na baba yake: mtaro uliokuja kutoka chini, umenyooka, kutoka kona ya nne.

Maji hayapandi mlima. Akateremka kuangalia. Mtaro haukuchimbwa na mvua peke yake. Mwanzo wake zilikuwa njia mbili za magurudumu zilizokata kilima wima, kutoka kona ya nne mpaka chini kidogo ya kona ya tano, na kurudi. Majani yamekufa, udongo umelegea, mvua ya Jumapili ikapata mlango. Maji ya kona ya tano yakapenya pembeni, yakadondokea humo, yakatoka na tumbo la ukingo.

"Mkato!" Msimamizi akafoka. "Niliwaambia! Wale vijana wa mjini wa magari yanayong'aa, wanakuja kwa kundi, wanashindana kupanda. Ona, tairi tofauti tofauti. Hii moja, hii mbili..."

"Tano," Tochi akasema. Alikuwa ameshahesabu. Chini ya kichaka kimoja udongo wa mfinyanzi ulikuwa umeshika alama vizuri: tairi la meno marefu, la mistari, lililoisha kabisa, jembamba, na moja lenye kiraka pembeni. "Magari matano. Lakini hakuna lililomaliza kupanda. Yote yanasimama hapa, katikati ya mteremko. Mtu anayeshindana anasimama katikati kufanya nini?"

"Yamekwama."

"Yaliyokwama yanachimba. Haya yamesimama, yakaondoka vizuri." Akamulika. "Na hiki ni nini?"

Nyuma ya alama ya gurudumu palikuwa na kishimo cha pembetatu. Kabari ya mbao, ile ya kuzuia gari lisirudi nyuma. Kona moja ya pembetatu ilikuwa pungufu, kama imeng'atwa. Akasogea kwenye alama za tairi la pili: pembetatu, kona imeng'atwa. La tatu: hivyohivyo.

"Mvunja sheria mwenye adabu," Tochi akasema polepole. "Anakata njia, lakini anaweka kabari. Halafu anashuka. Kiatu kimoja, soli ya mpira, kimekanyagia kisigino. Anakwenda gurudumu la mbele kulia. Anazunguka. Anakwenda gurudumu la mbele kushoto. Anarudi. Magari matano, kabari moja, kiatu kimoja."

Akageuka kutafuta alama ya nne. Kobe alikuwa amesimama juu yake.

"Toa mguu."

"Mguu gani, afande?"

"Huo unaofuta ushahidi wangu."

Kobe akatoa mguu. Uso ulikuwa umesawijika.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye nimekuwa nikipanda hapa. Andika hivyo, tumalize."

Msimamizi akashika kichwa. "Kijana! Umetoka kusafishwa sasa hivi!"

"Una magari mangapi?" Tochi akamuuliza.

"Moja."

"Tairi zake zote nne ni ndugu, nimeziona yadi, meno mapana. Na hapa sijaziona. Hii mistari umepanda na gari la nani?"

Kobe akageukia bondeni.

"Na mguu wako namba ngapi? Hivi viatu vidogo viwili vinaingia ndani ya chako kimoja." Akakunja karatasi aliyoandikia vipimo. "Mimi sikulazimishi. Ila usiniongezee kazi kwa kunidanganya, nina saa mbili na nusu tu."

Wakarudi. Kwenye lile dimbwi Msimamizi akashuka tena kupima, ingawa alilipima asubuhi. Getini akajaza upepo, tairi nne, kwa kipimo.

Gereji ya Spana ilikuwa chumba kimoja kirefu na uwanja mbele, kila chombo kimetundikwa ukutani na kivuli chake kimechorwa kwa rangi, ili kikikosekana ujue. Mwenyewe alikuwa chini ya gari jekundu, miguu nje. Viatu vya mpira, kisigino kimekanyagwa.

"Dada," Msimamizi akaita, "mdogo wako hakukosea. Nimepima mwenyewe. Nilimwonea."

Spana akatoka chini ya gari kwa mgongo, grisi mpaka kwenye paji. Akatabasamu meno yote. "Nilisema! Si nilisema? Sasa kaa nikupe kiti, leo wewe ni mgeni wangu."

"Hili gari limekuja na nini?" Tochi akauliza.

"Hab za mbele zilikuwa hazishiki. Nimezifungua, nimesafisha, nimepaka grisi mpya."

"Utajuaje kama zinashika?"

"Zitajaribiwa, afande. Mimi sitoi gari kwa mdomo. Unalipandisha mlima, unasimama katikati, unashuka unageuza loki, unaondoka. Likivuta mbele bila kulia, mteja anachukua. Hakuna gari lililotoka hapa likamwangusha mtu kwa hab."

"Mlima gani?"

Spana akafungua mdomo. Akamwangalia Tochi. Akamwangalia Kobe, ambaye hakumwangalia. Gari jekundu lilikuwa limezuiwa nyuma na kabari ya mbao. Kona yake moja ilikuwa imeng'atwa, na wote wanne waliiona kwa pamoja.

"Pale kati ya kona ya nne na ya tano," Spana akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Ni wima, ni karibu. Mwaka wa tatu huu. Lakini mimi sichezi, mimi naweka kabari, mimi..."

"Na ile karatasi ya kutotoka nje ya njia uliitia sahihi," Msimamizi akasema.

"Ile si ya wageni? Mimi nimezaliwa hapa, nakijua kile kilima kuliko..." Akaishia hapo. Akakaa juu ya tairi. "Maji yamepita humo."

"Yamekula ukingo kwa chini," Tochi akasema. "Jumapili mvua, Jumatatu umepanda tena, Jumanne ukingo ukaondoka na mdogo wako."

Spana akaweka mikono usoni, grisi kwa grisi. Saa ya ukutani, ile ya plastiki ya matangazo ya betri, ilionyesha saa tisa kasoro dakika ishirini.

"Kobe alijua?" Spana akauliza.

"Aliona alama ya kabari," Tochi akasema. "Akakanyaga alama. Halafu akasema ni yeye."

"Wewe!" Spana akamgeukia. "Una akili?"

"Dada, mimi bado kijana. Leseni nitatafuta nyingine, nitabeba hata mchanga. Wewe wakikufungia gereji..."

"Nyamaza. Nimekubeba mgongoni una surua, leo unataka kunibeba, tena kwa mkono mmoja?"

Kobe akacheka na kulia kwa pamoja, pua ikamharibikia, ikabidi ajifute na plasta.

"Ripoti yangu itasema kilichotokea," Tochi akasema. "Hab loki, mwendo mdogo, ndani ya njia, ukingo umeliwa kwa sababu ya mkato. Dereva hana kosa. Aliyekata, kamati itauliza ni nani, na mimi nitajibu. Ila mtu kutajwa ni kitu kimoja, kujitaja ni kingine. Nitaingia chumbani saa tisa kamili. Kabla ya hapo, mlango uko wazi."

Msimamizi akakohoa. "Wanaweza kukunyang'anya kibali cha njia. Sitakuficha. Mwaka, miwili. Lakini mtu akija mwenyewe, na mimi nikiwa nimekaa pale..." Akatafuta maneno kwenye mfuko wa kalamu. "Ungeniuliza, dada. Nyuma ya geti kuna machimbo ya kokoto ya zamani. Wima kuliko pale, mwamba mtupu, maji hayana cha kula. Ungejaribia magari mpaka uchoke."

"Miaka mitatu tunasalimiana kila asubuhi na hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Mmeanza kuongea kama Winchi," Tochi akasema.

Spana akainuka. Akaenda kwenye bomba, akanawa kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka kwenye viwiko, akarudia mara ya pili. Akavua ovaroli, akaitundika kwenye kivuli chake.

"Mwalimu atatembea?"

"Daktari kasema atatembea," Tochi akasema. "Miezi mitatu, minne. Ameshaanza kuwasahihishia manesi ramani ya ukutani."

"Basi jioni nitamfuata nimwambie mwenyewe, asisikie kwa watu." Akajifuta mikono. "Na ule mtaro nitauziba. Mawe nitayabeba, na wewe Msimamizi utanionyesha jinsi ya kuyapanga, maana najua utayapima na rula. Kamati wako chumba gani?"

"Jengo la ng'ambo ya barabara, ghorofa ya kwanza, mlango wa pili."

"Dada, ngoja, twende wote," Kobe akasema.

"Wewe baki umsubiri mteja wangu. Akija mwambie gari lake halijajaribiwa, na halitoki mpaka lijaribiwe pazuri."

Akampiga kofi dogo la kichwa, kama la utotoni, akageuka, akavuka barabara bila kuangalia nyuma.